Sindano Moja, Madaktari Watano: Namna ya Kusimamia Tiba ya Testosteroni kwa Mwanamume

Kichupa cha kioo cha mililita moja, mafuta ya manjano ndani yake, sindano nene kidogo, tako la kulia. Dakika mbili kazi imekwisha. Mwanamume anafunga mkanda, anatoka, na kwa wengi matibabu yanaishia hapo. Wiki tatu baadaye atarudi kwa yule yule aliyemchoma, achomwe nyingine, bila mtu kumpima chochote.

Lakini homoni ile haikai takoni. Inafika kwenye uboho wa mifupa na kuagiza chembe nyekundu zaidi za damu. Inafika kwenye tezi dume. Inapanda kichwani, na pituitari, tezi ndogo kama njegere chini ya ubongo, ikiona testosteroni imejaa kwenye damu inaacha kuziagiza korodani kazi. Inagusa usingizi, presha, hata kiasi cha dawa ya kisukari anachohitaji mtu. Kila sehemu kati ya hizo ina daktari wake, na madaktari hao wasipozungumza, kila mmoja ataangalia kipande chake na kusema hapa pako sawa. Mgonjwa anaumia katikati ya vipande.

Nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuipanga tiba hii ili awepo mtu mmoja aliyeshika usukani. Nitatumia watu wawili wa kubuni. Wa kwanza ni Baba Asha, miaka 52, dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, ana kisukari, presha na kitambi, anakoroma hadi majirani wanajua, na mkewe mdogo ana miaka 34 na anataka mtoto. Wa pili ni shemeji yake, mwalimu wa miaka 38, aliyepata matumbwitumbwi akiwa na miaka 19 hadi korodani zote mbili zikavimba. Wote wawili wanalalamika kitu kimoja: "Nguvu zimepungua." Tiba zao hazifanani hata kidogo.

Hatua ya 1: Sema dalili kwa majina yake

"Nguvu za kiume" ni fungu la mambo matatu ambalo sisi wenyewe tumelifunga kamba moja. Kuna hamu, kuna uume kusimama, na kuna uzazi. Testosteroni inahusika zaidi na hamu. Kusimama kunategemea sana mishipa ya damu, ndiyo maana mwenye kisukari anaweza kuwa na homoni ya kutosha kabisa na bado akashindwa. Kushindwa huko kwa mtu wa miaka hamsini mara nyingine huwa taarifa ya mapema kwamba mishipa ya moyo nayo inaziba. Anayekwenda moja kwa moja kwenye sindano, au kwenye mkuyati na vumbi la Kongo, ameipuuza taarifa hiyo.

Dalili zinazoelekeza kweli kwenye upungufu wa homoni ni hizi: hamu kufifia, uume kutosimama wenyewe alfajiri, korodani kusinyaa, ndevu na nywele za mwilini kupungua, matiti kukua au kuuma, joto la ghafla mwilini kama la mwanamke aliyekoma hedhi, na mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Uchovu, hasira, kitambi na kukosa usingizi vinaweza kuwepo, lakini vina sababu mia nyingine, kuanzia upungufu wa damu hadi madeni.

Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2010 uliwachukua wanaume wa miaka 40 hadi 79 na kuhesabu wenye dalili za tendo la ndoa pamoja na homoni ya chini kwenye damu. Walikuwa asilimia 2.1. Hao ni Wazungu na idadi ya kwetu inaweza kutofautiana, lakini inatosha kumfanya mtu asite kabla ya kuamini kwamba kila mwanamume aliyechoka ana upungufu huu.

Hatua ya 2: Damu ya asubuhi, mara mbili

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa hiyo tukae kidogo.

Testosteroni hupanda usiku na kufika kilele asubuhi. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hujala kitu. Ukipimwa saa 9 alasiri baada ya wali na maharage, jibu litashuka na utaambiwa mgonjwa wakati si mgonjwa. Jibu la kwanza likiwa chini, rudia asubuhi ya siku nyingine. Jibu moja halitoshi kuanza tiba ambayo huenda ikadumu maisha yote.

Usipime ukiwa umetoka kitandani kwa malaria, au wiki ile uliyofanyiwa upasuaji. Ugonjwa mkali huishusha homoni kwa muda, na mwili ukipona nayo hurudi. Anayekesha kwa kazi, mlinzi au dereva kama Baba Asha, amwambie daktari saa anazolala, kwa sababu "asubuhi" yake si asubuhi ya saa ya ukutani. Mwezi wa Ramadhani nao hugeuza usingizi na chakula: aliyekula daku saa 10 usiku hana tumbo tupu saa 1 asubuhi. Mimi ningesubiri mwezi uishe.

Kuna kitu kingine watu hawakitaji maabara: vidonge vya bayotini vya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine, bayotini nyingi huharibu majibu ya homoni, na testosteroni inaweza kusomeka juu kuliko ilivyo. Muulize daktari uviache siku ngapi kabla.

Sasa vipimio. Maabara moja itakuandikia ng/mL, nyingine ng/dL, ya tatu nmol/L. Kiasi kile kile kinasomeka 3, au 300, au 10.4. Nimeona watu wakishangilia kwamba homoni "imepanda kutoka 3 hadi 11" kumbe wamebadilisha maabara tu. Chagua maabara moja na ubaki nayo, na kila namba iandike pamoja na kipimio chake.

Mstari wa chini uko wapi? Wataalamu wenyewe hawakubaliani hadi nukta ya mwisho. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinatumia 300 ng/dL. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa huko huko Marekani, wa 2018, umeweka mpaka wa chini wa kawaida kuwa 264 ng/dL, yaani 9.2 nmol/L, kwa maabara zilizosawazishwa. Uingereza husema aliye chini ya 8 nmol/L kwa kawaida anahitaji tiba, aliye juu ya 12 haihitaji, na aliye katikati ajadiliwe. Wote wanakubaliana jambo moja: namba bila dalili haitibiwi, wala dalili bila namba.

Jibu likianguka hapo katikati, daktari ataomba SHBG, protini inayoibeba homoni ndani ya damu. Unene na kisukari huishusha, hivyo jumla inaonekana ndogo ilhali ile iliyo huru inatosha. Uzee, ugonjwa wa ini na VVU huipandisha, na hapo jumla inaweza kuonekana nzuri huku iliyo huru ni kidogo. Anayeishi na VVU na amepungua uzito asiridhike na kipimo cha jumla peke yake.

Hatua ya 3: Tafuta kilichovunjika

Homoni kuwa chini ni jibu la swali la kwanza tu. La pili ni kwa nini, na linajibiwa na vipimo viwili vya LH na FSH, ambazo ni amri zinazotoka pituitari kwenda korodani.

LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, maana yake bosi anapiga kelele lakini mfanyakazi hawezi: korodani zenyewe zimeharibika. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu wetu. Matumbwitumbwi yanaweza kufanya hivyo, vivyo hivyo kuumia, mionzi na baadhi ya dawa za saratani, au kuzaliwa na kromosomu X ya ziada. Hawa wa kromosomu ya ziada wengi hugundulika wakiwa wakubwa, wanapotafuta mtoto, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzipima korodani zao. Daktari hutumia kidude kama tasbihi, shanga za ukubwa mbalimbali, kulinganisha. Aibu ya dakika moja.

LH ikiwa chini, au ya kawaida tu wakati ilipaswa kupanda, tatizo liko juu. Hapo hupimwa prolaktini, homoni ya pituitari inayohusika na maziwa, na madini ya chuma, kwa sababu uvimbe wa pituitari na chuma kilichojazana mwilini vyote huzima amri. Kichwa kikiuma mara kwa mara, macho yakipoteza uoni wa pembeni, prolaktini ikiwa juu sana, au testosteroni ikiwa chini ya 150 ng/dL, picha ya MRI ya kichwa haikwepeki.

Halafu kuna dawa. Morfini, tramadoli na methadoni zote hushusha testosteroni. Tangu 2011 Tanzania ina kliniki za methadoni, ilianza Muhimbili, na wanaume wanaotibiwa huko wakilalamika hamu imekwisha hawadanganyi. Vidonge vya prednisoloni vya muda mrefu navyo vimo, pamoja na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinazopandisha prolaktini. Tena wamo vijana wa jimu waliojichoma stiroidi miezi sita kisha wakaacha. Korodani zao zimelala, na kuwachoma tena ni kuzilaza zaidi.

Baba Asha? LH yake ni ya kawaida, prolaktini sawa, testosteroni 9.8 nmol/L mara ya kwanza na 10.9 ya pili. Kitambi, kisukari na usingizi mbovu vimeishusha homoni. Mtu wa namna hii akipunguza uzito wa kutosha na akatibiwa usingizi, homoni mara nyingi hupanda yenyewe. Hapendi kusikia hivyo. Alitaka sindano.

Hatua ya 4: Mchague anayeshika usukani

Kama vipimo vimethibitisha na tiba inahitajika, kabla ya kutaja jina la dawa amua nani kiongozi. Kwa kawaida ni mtaalamu wa homoni. Nchi zetu zina wachache, kwa hiyo mara nyingi atakuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa mfumo wa mkojo katika hospitali ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta au Mulago. Cheo hakinisumbui. Ninachotaka ni kwamba awe tayari kufanya mambo matatu: yeye peke yake ndiye anayeandika cheti cha testosteroni, majibu yote ya maabara yanafika kwake hata kama mwingine ndiye aliyeagiza, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho la kupunguza au kusimamisha.

Muulize waziwazi siku ya kwanza, kwa mfano kuhusu PSA, kipimo cha damu cha tezi dume: "Daktari, nikipimwa PSA huko kwingine ikapanda, nimpigie nani?" Akisema "mimi", umempata. Akisema "utaona huko huko", endelea kutafuta.

Wengine wanaoingia kwenye kundi hutegemea mtu. Daktari wa mfumo wa mkojo yumo karibu kila mara kwa ajili ya tezi dume, hasa kwetu, ambako saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume Tanzania, Kenya na Uganda. Wa moyo yumo kama kuna presha ngumu, moyo mpana au kiharusi cha zamani. Daktari wa kisukari ajue, kwa sababu sukari inaweza kushuka tiba ikikolea, na insulini ya jana ikawa nyingi mno leo. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, atamhitaji anayempima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, awe karibu zaidi, maana testosteroni huongeza nguvu ya wafarini. Mwenye selimundu asichomwe kabla daktari wake wa damu hajajua, kwa hofu ya uume kusimama bila kushuka. Mfamasia naye nimhesabu: ndiye anayeona vyeti viwili vya madaktari wawili wasiojuana.

Wanaunganishwa na barua. Madaktari wetu huandika kwa Kiingereza, na si lazima uelewe kila neno, lakini hakikisha barua ya kiongozi inataja: ugonjwa uliothibitishwa na namba zote mbili za asubuhi, dawa, kiasi na siku ya sindano inayofuata, himatokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) na PSA za kabla ya kuanza, na mstari mmoja unaosema anaomba nini kwa anayeandikiwa. Barua inayosema tu "tafadhali mwone mgonjwa huyu" haisaidii mtu. Piga picha kila karatasi kwa simu, kwa sababu mafaili hupotea, na anayeijua safari ya Dar hadi Tunduma anajua na mabegi pia.

Hatua ya 5: Maswali ya kabla ya sindano ya kwanza

La kwanza kabisa ni mtoto. "Mzee, bado mnatafuta?" Daktari kijana huona haya kumuuliza mtu wa umri wa baba yake, na hapo ndipo balaa huanza. Testosteroni ya nje huzima utengenezaji wa mbegu. Huzima kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano za testosteroni za kila wiki kama uzazi wa mpango kwa wanaume na kuchapisha matokeo 1990. Wengi wakiacha, mbegu hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, baadhi huchukua hadi miaka miwili. Fikiria nyumba ambamo mume anachomwa kimyakimya huku mke anazungushwa hospitali, anapigwa picha za mirija na kusemwa na mawifi. Anayetaka mtoto katika mwaka ujao asianze. Kama tatizo lake liko pituitari, zipo dawa nyingine, kama hCG, zinazoamsha korodani badala ya kuzizima, na hizo ni kazi ya mtaalamu. Kwa Baba Asha swali hili peke yake linafunga mlango wa sindano kwa sasa.

Mwalimu naye aulizwe. Kwa korodani zilizoharibika nafasi ni ndogo, lakini mbegu zikiwepo hata kidogo, zipimwe na ikiwezekana zihifadhiwe kwanza.

Pili, tezi dume. PSA, na kidole cha daktari. Kwa mtu mweusi au mwenye baba au kaka aliyepata saratani hiyo, PSA ikizidi 3 ng/mL aonwe kwanza na daktari wa mkojo. Kwa wengine mstari ni 4. Usipime PSA ukiwa na maambukizi ya mkojo, na jiepushe na tendo la ndoa siku mbili tatu kabla. Ukitumia finasteraidi, dawa ya tezi dume iliyovimba, sema, maana PSA husomeka kama nusu ya ilivyo. Aliye na saratani ya tezi dume au ya matiti haanzishwi.

Tatu, uzito wa damu, yaani himatokriti, ile HCT kwenye karatasi ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu. Ikizidi asilimia 48 usianze kabla ya kujua sababu. Kwa wakazi wa nyanda za juu mstari ni 50, kwa kuwa hewa nyembamba yenyewe huongeza chembe nyekundu. Mtu wa Mbeya au Nairobi si wa kulinganishwa na wa Tanga, na anayehama kutoka pwani kwenda milimani katikati ya tiba amwambie kiongozi.

Nne, usingizi. Anayekoroma, anayekata pumzi usiku, anayesinzia kwenye usukani, achunguzwe na kutibiwa kwanza. Testosteroni inaweza kuuzidisha ugonjwa huo, na ugonjwa huo peke yake hupandisha himatokriti. Kwa dereva wa lori hili linawahusu na wengine barabarani.

Mwisho ni moyo. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi 6 iliyopita asubiri, na moyo ulioshindwa kazi utulizwe kwanza. Kwa miaka mingi watu waliogopa kwamba tiba hii huua kwa moyo. Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya TRAVERSE, utafiti wa Marekani wa wanaume zaidi ya 5,200 wenye homoni ya chini na ugonjwa au hatari ya moyo. Mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo havikuzidi: asilimia 7.0 kwa waliopata testosteroni, 7.3 kwa waliopata dawa ya mfano isiyo na homoni. Lakini moyo kudunda ovyo kulikuwa 3.5 dhidi ya 2.4, na damu kuganda mapafuni 0.9 dhidi ya 0.5. Wauzaji husoma sentensi ya kwanza. Daktari wa moyo asome zote.

Hatua ya 6: Dawa ipi

Enantheti au sipioneti huchomwa miligramu 75 hadi 100 kila wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili. Ni za bei nafuu kuliko nyingi, lakini hupanda na kushuka: siku mbili tatu baada ya sindano mtu anajisikia simba, siku za mwisho anakuwa mkali kwa watoto. Kugawa kiasi katika sindano ndogo za kila wiki hutuliza mawimbi hayo.

Sustanon 250 ni mchanganyiko wa aina nne ndani ya mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga asiiguse, na swali hilo liulizwe kwa sauti, kwa sababu hakuna anayetarajia karanga ndani ya sindano.

Andekanoeti ya miligramu 1,000, ijulikanayo kama Nebido, huchomwa mwanzo, kisha baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Inafaa msafiri. Ni mililita 4 za mafuta, huingizwa polepole kwa dakika mbili hivi, na ubaki kituoni nusu saa, maana mara chache matone ya mafuta hufika mapafuni na kuleta kikohozi cha ghafla na kukosa pumzi. Si dawa ya kuchomewa chumbani na rafiki.

Jeli hupakwa kila siku begani. Homoni hutulia vizuri, lakini ngozi ikimgusa mtoto inampa na yeye. Watoto wadogo wameota nywele za sehemu za siri kwa jeli ya baba. Nyumba ya vyumba viwili, mtoto analala kifuani kwa babake, joto la Dar, shati limevuliwa: mimi singeichagua.

Vidonge vya methiltestosteroni viache, vinaumiza ini. Kila dawa inunuliwe kwa cheti kwenye famasi iliyosajiliwa, na uandike namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Muuzaji wa jimu hana hiyo.

Hatua ya 7: Kalenda

Siku ya kuanza, andika tarehe za mwaka mzima. Mwezi wa 3 hadi wa 6 unarudi kwa kiongozi na majibu ya testosteroni, FBP na PSA, presha ikiwa imepimwa. Kisha mwezi wa 12. Kisha kila mwaka, ukiwa mzima.

Siku ya kutoa damu hutegemea dawa, na wengi hukosea hapa. Enantheti na sipioneti: katikati ya sindano mbili, ukilenga 350 hadi 600 ng/dL. Andekanoeti: mwishoni, kabla tu ya sindano inayofuata. Jeli: saa 2 hadi 8 baada ya kupaka, ukiwa umetumia wiki moja au zaidi, na usipake kwenye mkono utakaotolewa damu. Aliyepimwa kesho yake baada ya sindano ataonekana kama fahali, apunguziwe dawa bure.

Kiongozi akuulize dalili zile zile ulizozitaja mwanzo, moja moja. Kama miezi 6 imepita, homoni imekaa sawa kwenye damu na hakuna kilichobadilika, basi haikuwa homoni. Kusimamisha hapo ni kazi nzuri ya daktari, ingawa mgonjwa ataona amenyang'anywa. Hata wanaofaidika, wategemee hamu kurudi zaidi kuliko ujana kurudi.

Hatua ya 8: Mistari myekundu, na nani anafanya nini

Himatokriti ikizidi asilimia 54, sindano inasimama siku hiyo. Si kupunguza damu kisha kuendelea kama jana. Kiongozi hutafuta sababu, sigara au usingizi mara nyingi, na damu ikishuka huanza tena kwa kiasi kidogo au kwa aina nyingine ya dawa.

PSA ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ng/mL ndani ya mwaka wa kwanza, au ikivuka 4, hurudiwa. Ikibaki hapo, barua inakwenda kwa daktari wa mkojo. Mkojo ukianza kukatika au kuamka mara nne usiku, vivyo hivyo hata kama PSA ni nzuri.

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, au uume kusimama zaidi ya saa 4: hapa hakuna cha kumtafuta kiongozi. Nenda chumba cha dharura cha karibu, sema neno "testosteroni" mlangoni, halafu mke au ndugu ampigie kiongozi. Wanaume wengi huficha sindano hizi hata kwa daktari wa dharura, na anayetafuta damu iliyoganda bila kuambiwa hutafuta kwa muda mrefu zaidi.

Kwa wanariadha: testosteroni ni marufuku kwa sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ndani na nje ya mashindano. Ruhusa maalumu ya matibabu hutolewa kwa ugonjwa uliothibitishwa wa korodani au pituitari, si kwa homoni iliyoshuka kwa umri au unene, na ombi hutangulia sindano.

Anayetaka kuacha asikatishe mwenyewe katikati ya safari. Korodani zilizolala huchukua miezi kuamka, na miezi hiyo ni mizito: uchovu, huzuni, hamu sifuri. Mwalimu wetu haachi, kwake korodani hazina cha kuamka, hivyo anapohamishwa kituo cha kazi barua ya kiongozi mpya iandikwe kabla ya sindano ya mwisho.

Daftari lake lina ukurasa wa kwanza uliobandikwa kwa gundi: jina la ugonjwa, LH na testosteroni za asubuhi mbili na vipimio vyake, dawa na namba ya toleo, namba ya simu ya kiongozi, tarehe ya sindano ijayo, HCT ya mwisho, PSA ya mwisho. La Baba Asha lina uzito wa kila mwezi, siku alizolala na mashine ya kupumulia, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu), na chini kabisa, kwa wino wa bluu, tarehe ambayo mkewe anatarajia kujifungua.